Kinu cha Ng'ambo

Kwa miaka mingi watu wa bonde lile, kule juu ya Kinole, hawakuhitaji simu ya kuwaamsha. Walikuwa na Asia na kaka yake Mikidadi. Asia alikaa kwenye mgongo wa mlima wa upande huu, Mikidadi na mkewe kwenye mgongo wa upande ule, na katikati kulikuwa na kijito na mteremko wa kuvunja magoti. Kwa miguu, kushuka na kupanda, ni safari ya kukulia asubuhi nzima. Kwa sauti ni papo hapo. Basi kila siku, swala ya alfajiri ikishasaliwa na ukungu ukiwa bado umekalia bonde, Mikidadi alitoka mpaka ukingoni mwa ua wake, akaweka viganja mdomoni, akaita.

"Asiaaa!"

"Abeee!"

"Umeamka?"

Swali la kipumbavu, maana asiyeamka haitiki. Lakini ndivyo lilivyoulizwa, na Asia alilijibu kila siku kama jipya. "Nimeamka! Ngedere wamekuja?"

"Wamekuja! Wamenilia ndizi!"

Hapo zikafuata habari nyingine: nani anakwenda gulioni, nani kaishiwa chumvi, goti la Mikidadi limelalaje. Bonde zima lilisikia. Abdi, aliyekaa chini karibu na kijito na kundi la watoto wake, alizoea kusema kwamba katika ukoo ule hakuna siri iliyobaki ya kupeleleza, kwani hata siku Asia alipoharisha yeye alijua kabla ya zahanati. Watu walicheka, wakawasha moto, wakatoa watoto kitandani waende shule.

Mikidadi alikufa wakati wa masika. Alikwenda kukata mkungu wa ndizi nyuma ya nyumba, akakaa chini apumzike kidogo, na pale alipokaa ndipo mkewe alipomkuta. Zahanati walisema presha. Hakuugua, hakuaga, hakuacha wasia. Msibani watu walimzunguka Asia wakamuuliza, kama ilivyo desturi ya watu msibani, walizungumza nini mara ya mwisho, marehemu alimwambia neno gani. Asia akainamisha kichwa, nao wakadhani kilio kimemzidi. Kumbe ilikuwa haya. Neno la mwisho alilosikia kutoka kwa kaka yake, baba mmoja mama mmoja, lilikuwa hili: "Asiaaa! Anua mdalasini, wingu hilo linashuka!" Naye akajibu, "Nimeliona!" Basi. Mtu unawaambiaje waombolezaji habari za mdalasini?

Sasa kulikuwa na jambo la nyumba ile ya ng'ambo. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Kiwanja kile, na minanasi, na migomba, na mikarafuu ya kule mteremkoni, vyote vilikuwa vya ukoo wa mama yao Asia. Mikidadi alivilima kwa kuwa alizaliwa na mama yule. Mkewe, Mwanvita, alikuwa mtu wa Matombo, mwenye ukoo wake na ardhi ya mama yake hukohuko. Mtoto hawakujaaliwa, na hata wangejaaliwa, mtoto angefuata upande wa mama. Kwa hiyo eda ikiisha, miezi minne na siku kumi, mjane angekaa au angerudi kwao, na neno hilo lilikuwa la Asia, aliyebaki peke yake katika tumbo lile.

Mjomba Sufiani, mkubwa wa ukoo, alilisema waziwazi siku ya kuanua matanga, mbele ya watu. "Sisi tutatia baraka tu, mwanangu. Ukisema aende, kaka yake atakuja kumchukua. Ukisema akae, atakaa kama mgeni, na mgeni hutoa ngoto, kikapu cha mazao kila mavuno, tujue na yeye anajua ardhi ni ya nani. Siku ya kutoka eda utatuambia."

Asia hakuhitaji miezi minne ya kufikiri. Alikwisha kata shauri palepale mkekani. Mwanvita ataondoka na nyumba ile itafungwa. Si kwamba waligombana, la. Lakini hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Asia alikuwa mtu wa maneno na kelele. Mwanvita alikuwa mwanamke wa kimya, wa kujibu kwa kichwa. Miaka yote ile hakuwahi hata siku moja kusimama ukingoni akaita. Akiwa na salamu, alimpa mumewe aipaze. "Wifi yako anakusalimu!" Mikidadi alipiga kelele, na Asia alijibu, "Marahaba, mwambie ana mdomo!" Bonde likacheka tena. Sasa mwenye kupaza salamu hayupo, na Asia hakuona sababu ya kuamka kila siku atazame moshi ukitoka katika paa la kaka yake, na kaka mwenyewe asitoke.

Asubuhi ya kwanza baada ya watu kutawanyika, Asia alisali, akatoka uani na birika mkononi, na kabla akili haijamfika, mdomo ulikwisha fanya kazi yake.

"Kakaaa!"

Sauti ikaenda ng'ambo. Akasimama akisubiri, kwa ule uzembe wa mtu aliyezoea kuitikiwa, na kusubiri kule ndiko kulikomkumbusha. Birika likamponyoka. Hakuanguka, hakulia, alisimama tu, maji yakilowesha miguu yake, akitamani ardhi immeze kabla jirani hajachungulia. Halafu, baada ya muda kidogo, ng'ambo kukasikika kinu. Du. Du. Du. Mapigo machache tu, kisha kimya.

Hasira ikampanda Asia. Huyu mwanamke amenisikia. Amenisikia nikimwita maiti, na badala ya kutoka, badala ya kunijibu walau neno moja, anatwanga! Mume hajapoa kaburini, yeye kashika mchi!

Kesho yake, moshi wa Asia ulipoanza kutoka, kinu kikalia tena. Du. Du. Du. Keshokutwa vilevile. Asia alijikuta anakisubiri ili apate kukichukia. Alilokerwa nalo zaidi ni ule ufupi wake. Mtu akitwanga, atwange, unga utoke! Huyu anapiga mara mbili tatu anatupa mchi, mvivu mkubwa. Mtandao wa simu huko juu hushikwa mahali pamoja tu, kwenye jabali karibu na msikiti, na huko Asia alipanda kumweleza binti yake Nasra, aliyekuwa mpishi katika kantini moja huko Mazimbu, kwenye kampasi.

"Anatwanga, mwanangu. Kila siku ya Mungu."

"Sasa mama, si anakula? Ulitaka afunge miezi minne?"

"Afunge, asifunge, si mjomba wako aliyelala pale nyuma ya nyumba?"

Nasra akaguna. Alimjua mama yake. Asia aliachika zamani, huko Mkuyuni, na aliyemfuata akambebea kitanda kichwani mpaka juu mlimani alikuwa Mikidadi. Nyumba aliyolala Asia ilijengwa na Mikidadi. Hata ule upande aliochagua kuijenga, ng'ambo mbele ya macho yake mwenyewe, aliuchagua makusudi. "Nikuone ukitoka," alimwambia. "Nikikuona umetoka, najua hujafa." Walicheka sana siku ile, wakiwa vijana, kifo kikiwa habari ya wazee.

Zikaja siku za kuchosha. Uchovu wa Asia haukuwa wa jembe, maana jembe hakulishika. Ulikuwa uchovu wa kuamka na kukuta siku nzima imekaa mbele yake, na hakuna wa kumuuliza ameamkaje. Mdalasini aliouanua kwa amri ya marehemu ulifanya ukungu kwenye gunia, akautazama, akaufunga tena. Ngedere walikuja wakala ndizi zake mchana kweupe, mmoja akakaa kwenye jiwe la kuogea akimenya kwa utulivu, na Asia akamwacha amalize. Alipika chai akasahau kuinywa. Alichana nywele upande mmoja, mkono ukachoka. Kwenye hitima ya arobaini alivuka bonde pamoja na wanawake wengine, akamkuta Mwanvita amekaa pembeni ya chumba katika nguo nyeupe, yule bibi anayemsimamia eda kamkalia ubavuni. Wakakumbatiana, kila mmoja akalia kilio chake. Hawakusemezana hata neno moja, na Asia aliporudi kwake alijiambia, unaona, hata leo hakufungua mdomo.

Nasra akaja kumchukua. "Wiki moja tu, mama, ubadilishe hewa." Asia akakubali kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu.

Mazimbu palikuwa pazuri, hilo hakulikana. Miti mikubwa, barabara zilizofagiliwa, wanafunzi wenye mabegi, maji ya bomba ndani ya nyumba. Alfajiri yake ya kwanza pale ilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, akisikiliza. Feni ilizunguka. Gari likapita mbali. Mlima wake ulikuwa unaonekana dirishani, umejifunika mawingu, lakini mawingu yale hayakumhusu tena, maana hakuwa na kitu nje cha kuanua. Nasra alitoka chumbani kwake akamkuta bado amekaa vilevile.

"Shikamoo mama. Umeamka?"

Asia akamtazama.

"Marahaba," alisema. "Nimeamka." Na hapohapo akaanza kulia, kilio kikubwa ambacho hakukilia hata msibani, mpaka Nasra akapiga simu kazini kwamba atachelewa. Akamkalisha mama yake sebuleni, akampa chai, akasubiri.

"Watu waliniuliza kaka aliniambia nini mara ya mwisho," Asia alisema baadaye. "Sikuwajibu."

"Alisema nini?"

"Alisema nianue mdalasini."

Nasra alijaribu kujizuia. Hakuweza. Kicheko kikampasuka, na Asia, machozi yakiwa bado usoni, naye akacheka, wakacheka wote wawili mpaka chai ikamwagika.

"Nilitaka neno, Nasra. Neno la kushika. Wenzangu wana wasia, wana dua, marehemu aliwaambia mpendane, sijui mshikamane. Mimi nina mdalasini."

"Mjomba angesema mpendane ungemwona kaingiwa na wazimu."

"Ningemwona kalewa," Asia alikubali. Akageuza kikombe mkononi. "Miaka yote hiyo hatukuzungumza jambo la maana hata moja, unajua? Chumvi. Ngedere. Goti. Nikikaa nikitafuta kitu kikubwa tulichoambiana, sikipati. Na hicho kidogo ndicho ninachokitaka. Nataka aniulize kama nimeamka. Sitaki kingine."

Wiki haikwisha. Siku ya nne alifunga kitambaa chake kichwani akasema anarudi, kwani eda inakaribia kwisha na ana neno la kutoa. Nasra alimuuliza kama shauri ni lilelile. Asia alisema ni lilelile. Nyumba ifungwe, apumzike.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, moshi wake ulipopanda tu, kinu cha ng'ambo kilipigwa kama kimepagawa. Hakikukoma. Du, du, du, du, mpaka Asia akatoka na ufagio mkononi akauliza hewa, "Leo kapata mahindi, nini?" Kisha kikakatika ghafla. Mvivu ni mvivu, akasema, akarudi ndani.

Siku ya kutoka eda ilifika, mvua zimekatika na baridi ya mlimani imeingia. Asia alitia kwenye mfuko doti mpya ya kanga, kwa kuwa wifi ndiye humvika mjane anapovuliwa nguo za eda, na desturi ni desturi hata kwa mtu unayemfukuza. Akateremka taratibu, mkono mmoja kwenye goti. Chini, kwenye kijito, alimkuta Abdi akijaza madumu.

"Shikamoo mama Nasra."

"Marahaba, Abdi. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, ila uvivu umewaingia. Tangu mzee aondoke wanachelewa shule. Siku hizi afadhali kidogo, kinu kile kinawaamsha."

"Hicho hicho," Asia alisema kwa uchungu. "Kila siku anatwanga, hata sijui anatwanga nini."

Abdi aliinua dumu, akalishusha tena. "Hatwangi, mama. Unga wake unasagwa mashineni. Mimi ndiye ninayembebea mahindi kwenda na kurudi, maana yeye hatoki."

"Sasa anafanya nini na mchi?"

"Mimi nitajuaje mambo ya wanawake?" alisema Abdi, akaondoka na madumu yake.

Asia alipanda mlima na swali lile. Kila alipotua kuvuta pumzi, alilikuta limetua naye. Alipofika juu, ua ulikuwa umejaa kiasi: Mjomba Sufiani kwenye kiti cha uvivu, wazee wawili watatu, na Halidi, kaka yake Mwanvita, aliyekuja kutoka Matombo na bodaboda mbili za kubebea mizigo. Godoro lilikuwa limekwisha viringishwa na kufungwa kamba. Masufuria yalikuwa kwenye gunia. Inaonekana kila mtu alilijua neno la Asia kabla hajalisema.

Lakini Asia hakwenda kuwasalimu kwanza, jambo ambalo Mjomba Sufiani aliliona na kulitia kichwani. Macho yake yalikuwa kwenye kinu. Hakikuwa jikoni, mahali pa kinu. Kilikuwa ukingoni mwa ua, pale ambapo nyasi zimekufa kwa kukanyagwa, pale pale Mikidadi alipokuwa akisimama kila asubuhi na viganja mdomoni. Asia alikiinamia. Ndani hapakuwa na pumba, wala chenga, wala harufu ya nafaka. Palikuwa pakavu, peupe kwa kuchubuka, na ufa mpya ulikuwa umefunguka kitakoni, na vibanzi vya mti vimelala chini. Tangu utoto bibi yao aliwakataza kutwanga kinu kitupu. Alisema ni mkosi, tena kinapasuka. Hiki kilikuwa kimetwangwa kitupu, siku baada ya siku, mpaka kimepasuka kweli.

Akaingia ndani. Wanawake walikuwa wamekwisha mwogesha Mwanvita, amekaa kwenye mkeka, amepungua, mikono kapakata. Asia akaomba waachwe peke yao. Akamvika kanga ya kwanza kiunoni, ya pili mabegani, akamkalia mbele.

"Shikamoo wifi," alisema Mwanvita. Sauti ilimkwaruza, sauti ya chombo kilichokaa kabatini muda mrefu.

Asia aliisahau marahaba. "Asubuhi ulikuwa unatwanga nini?"

"Sikuwa natwanga."

"Nimekisikia kinu kwa masikio yangu."

"Nilikuwa nakuitika," alisema Mwanvita.

Nje mtu alikohoa. Asia alibaki akimkodolea macho, na Mwanvita, ambaye maisha yake yote alijibu kwa kichwa, akaona hana budi kuendelea.

"Siku ile ulipoita nilikuwa hapa ndani. Bibi alishaniambia, mwenye eda hapazi sauti, sauti yako isivuke ua huu mpaka utoke. Nikakusikia. Nikasema, jamani, ataita hivi na asiitikwe? Nikamwomba bibi, akakataa. Nikashika mchi. Mchi hakuukataza."

"Niliita siku moja tu."

"Siku moja. Lakini nilijua unatoka kila siku, nilikuwa nauona moshi wako dirishani. Moshi ukitoka, nasema wifi kaamka, natoka napiga. Halafu kukawa na siku moshi hautoki. Wifi, nilikaa vibaya siku hizo. Nilimtuma bibi kwa Abdi, ndipo nikaambiwa uko Mazimbu. Siku uliyorudi nilipiga mpaka bibi akaninyang'anya mchi."

Asia alijifunika uso kwa mikono miwili. Miezi minne. Miezi minne alikuwa akiulizwa kila asubuhi kama ameamka, na miezi minne alikuwa akijibu kwa matusi ya moyoni.

"Nilidhani unatwanga," alisema kutoka nyuma ya vidole.

"Kinu kitupu na kinu chenye kitu, hujui mlio wake?" Mwanvita alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo mlikuwa na utani katika sauti yake. "Umetwanga miaka mingapi wewe?"

"Nilikuwa na hasira, mwanamke! Mwenye hasira anasikia nini?"

Wakashikana. Mwanvita alilia taratibu, Asia kwa kelele kama ilivyo tabia yake, na wazee kule nje wakatazamana, wakidhani mjane kaambiwa aende.

"Alikuwa akitoka kukuita, mimi nachochea moto," Mwanvita alisema, kichwa kikiwa begani kwa wifi yake. "Nikisikia mmefika kwa ngedere najua maji yamekaribia kuchemka. Sikuhitaji kusema kitu. Ninyi mlikuwa mnasema vya kutosha. Sasa maji yanachemka sijui hata saa ngapi."

Asia alitoka nje akiwa na uso uliovimba. Akamwamkia Mjomba Sufiani, akawaamkia wazee, akamsalimu Halidi. Kisha akalitazama lile godoro.

"Lifungueni," alisema. "Anakaa."

Halidi akasimama nusu. "Shemeji, lakini tulivyoelewa..."

"Mlielewa vibaya. Na mimi nilielewa vibaya. Rudisha bodaboda, kaka, usimkalishe kijana wa watu juani."

Mjomba Sufiani alikuna ndevu. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu ilikuwa haijakamilika. "Neno lako tumelisikia, mwanangu, na baraka tunatia. Lakini akikaa ni mgeni juu ya ardhi ya tumbo letu. Ngoto yake itakuwa nini? Ndizi? Karafuu? Lisemwe hapa, lisije likaleta fitina kesho."

"Ngoto ameshaitoa, mjomba."

"Ameitoa lini? Kwa nani?"

"Kwangu. Ameitoa kila asubuhi tangu kaka azikwe, na kinu chake kimepasuka kwa ajili hiyo. Nenda ukakitazame."

Mzee aliinuka kweli, akaenda mpaka ukingoni, akainama, akachungulia ndani ya kinu. Hakuona kitu. Akarudi akisema kwamba wanawake wa siku hizi wana mambo, lakini kwa kuwa mwenye ardhi karidhika, yeye ni nani. Chakula kikaletwa. Asia alikula wali sahani nzima, jambo alilolitambua alipoikuta sahani tupu, akaongezwa.

Usiku ule hakuota ndoto yoyote. Aliamka magoti yakimuuma, akasali, akachochea moto. Moshi ulipopanda alitoka uani, ukungu umejaa bondeni, nyumba ya ng'ambo haionekani ila paa. Hapo ndipo aliposhikwa na woga. Aliona kwamba baada ya miezi yote ile, na dhuluma yote ile ya moyoni, ilimpasa aanze na neno lenye uzito, neno la kuomba radhi, neno la kumtaja marehemu. Alilitafuta. Alisimama pale akilitafuta mpaka miguu ikaanza kupata baridi, na hakulipata. Akaweka viganja mdomoni.

"Wifiii!"

Kisha, ng'ambo, sauti ambayo mlima ule haujawahi kuisikia, nyembamba, ya kubahatisha, ikipasuka katikati kwa kutojua nguvu yake.

"Abeee!"

Haikuwa sauti ya Mikidadi. Asia alijua haitakuwa, na bado akajishika kwenye nguzo ya kibaraza. Sauti ile haitarudi asubuhi yoyote, ya masika wala ya kiangazi, hata aite mpaka koo likauke. Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akavuta pumzi.

"Umeamka?"

"Nimeamka! Ngedere wamekuja, wifi! Wako wengi!"

Chini, kwa Abdi, mlango ukafunguliwa kwa kishindo na watoto wakaanza kugombezwa waamke.

"Sasa unanieleza mimi nifanye nini?" Asia alipiga kelele. "Wafukuze!"